Nyimbo za Kijapani za Kusikiliza Moyo Ukiwa Mzito: Mwongozo Kamili

Mtu mwenye moyo mzito akiwekewa wimbo wa kurukaruka, mara nyingi huzidi kujiona yuko peke yake. Wimbo unacheka na yeye hana cha kuchekea. Nyimbo za Kijapani nilizokusanya hapa zinapita njia nyingine: zinakukuta pale ulipo, zinakuacha ulie, halafu zinakusogeza taratibu. Wengi wetu tumeingia kwenye muziki wa Japani kupitia anime, yaani katuni za Kijapani, tukazoea nyimbo za kufungulia vipindi, tukaishia mlangoni. Ndani kuna nyimbo za tangu miaka ya 1960 zilizowabeba Wajapani kwenye misiba, kufeli, kuachwa na matetemeko ya ardhi, na hadi leo zinaimbwa shuleni na kwenye vyumba vya karaoke.

Kujua Kijapani si sharti. Unachohitaji ni simu, spika za masikioni, nusu saa hivi ya kutosumbuliwa, na mpangilio. Nasisitiza mpangilio. Miaka ya 1940 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Ira Altshuler, aliona kwamba mgonjwa mwenye huzuni hafikiwi moja kwa moja na muziki wa furaha. Akawa anaanza na muziki unaolingana na hali ya mgonjwa, kisha anaubadilisha kidogokidogo kuelekea kule anakotaka afike. Wanaotibu kwa muziki wanautumia utaratibu huo mpaka sasa, wanauita kanuni ya iso. Hatua zifuatazo zimejengwa juu ya wazo hilohilo: kwanza wimbo unaolia nawe, kisha wimbo unaokupa pumzi, mwisho wimbo unaokusimamisha.

Hatua ya kwanza: Jua ni huzuni gani uliyonayo

Huzuni hazifanani, na wimbo unaomfaa mfiwa unaweza usimguse kabisa aliyefeli mtihani. Kabla hujabonyeza chochote, jiulize: nimempoteza mtu? Nimeshindwa jambo nililolipigania? Nimeachwa? Au nimechoka tu, siku zinapita na sielewi hata nini kinaniuma?

Mfiwa aanze na Nada Sōsō au Lemon. Aliyeshindwa jambo anaweza kuruka haraka sehemu ya kulia na kukaa zaidi na Jidai, kisha Fight!. Aliyeachwa na mpenzi, mimi humshauri asianze na nyimbo za mapenzi kabisa, kwa sababu kila mstari atauona umeandikwa kwa ajili ya mtu yule. Aanze na Ue o Muite Arukō. Aliyechoka bila sababu ya kutajika anahitaji utulivu kuliko machozi, na wake ni Itsumo Nando Demo. Nyimbo zote hizi nitazieleza mbele.

Hatua ya pili: Andaa orodha siku ambayo uko sawa

Siku ya huzuni huna nguvu ya kutafuta. Utafungua YouTube, utapelekwa kwenye video nyingine, na baada ya saa moja utajikuta unatazama mambo yasiyohusu. Kwa hiyo tengeneza orodha mapema, pakua nyimbo zako ili bando likiisha zisikatike katikati, na zima taarifa za simu kabla ya kuanza.

Kutafuta nyimbo za Kijapani kuna ujanja wake. Ukiandika jina kwa herufi za Kilatini, mara nyingi utaletewa marudio ya waimbaji wengine, ala tupu au toleo lililochakachuliwa kasi. Ukinakili jina kwa maandishi ya Kijapani, utafikia rekodi ya asili upesi zaidi. Ndiyo maana kila wimbo mkuu hapa nimeuwekea maandishi yake kwenye mabano. Yanakili na kuyabandika kwenye sehemu ya kutafutia, kisha ongeza jina la mwimbaji. Kumbuka pia kwamba Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Kyū Sakamoto na Sakamoto Kyū ni mtu yuleyule.

Halafu tafuta tafsiri ya maneno na uisome mara moja, bado ukiwa sawa. Isome wimbo ukiwa umezimwa. Ukishaijua maana, iache. Siku ya kusikiliza usifuatilie mstari kwa mstari kwenye kioo cha simu; kazi ya kusoma huamsha akili ya kuchambua, na unachotaka saa hiyo ni kusikia. Sauti ya mwimbaji itakukumbusha maana yenyewe.

Hatua ya tatu: Anza na wimbo unaolia nawe

Wimbo wangu wa kwanza kwa mfiwa yeyote ni Nada Sōsō (涙そうそう). Jina lenyewe ni la lugha ya Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani, na maana yake ni machozi yanayotiririka. Maneno aliyaandika Moriyama Ryōko kwa ajili ya kaka yake aliyefariki mapema; muziki ukatungwa na kundi la BEGIN, vijana wa kisiwa cha Ishigaki. Ulitoka mwaka 1998, lakini uliowafikia wengi ni ule wa mwaka 2001 ulioimbwa na Natsukawa Rimi, naye pia mzaliwa wa Ishigaki. Huo ndio wa kutafuta. Unaanza na mtu anayefunua kurasa za albamu ya picha za zamani, akimshukuru aliye ndani ya picha. Msiba wake hauna mayowe. Sauti ya Natsukawa inapanda juu bila kulazimishwa, na mahali anapoitazama nyota ya kwanza ya jioni akimtafuta ndugu yake, wengi hapo ndipo machozi yanapotoka. Yaache yatoke.

Wa pili ni Lemon wa Yonezu Kenshi, wa mwaka 2018. Uliandikwa kwa ajili ya tamthilia ya televisheni iitwayo Unnatural, inayohusu madaktari wanaochunguza maiti ili kujua chanzo cha kifo. Yonezu akiwa bado anautunga, babu yake alifariki. Utausikia msiba huo ndani ya wimbo: mtu anatamani ingekuwa ndoto, na harufu chungu ya limau inabaki kifuani haitoki. Tofauti na Nada Sōsō, huu una mdundo na una hasira kidogo. Kwa mtu ambaye msiba wake bado ni mbichi na anaona si haki, Lemon unamfaa zaidi. Tarehe 31 Desemba 2018 Yonezu aliuimba kwenye Kōhaku Uta Gassen, tamasha la mkesha wa mwaka mpya linalorushwa na NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, akiwa katika jumba la makumbusho la Ōtsuka mkoani kwao Tokushima, kati ya mishumaa mingi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuimba moja kwa moja kwenye televisheni.

Kama huzuni yako ni ya watu wengi, yaani maafa yaliyoikumba jamii, mafuriko, ajali, moto, basi weka Hana wa Saku (花は咲く). Ulitolewa na NHK mwaka 2012 kuwachangia waathirika wa tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 kaskazini mashariki mwa Japani. Mwandishi wa maneno, Iwai Shunji, na mtunzi wa muziki, Kanno Yōko, wote ni wa Sendai, mji mkubwa wa eneo lililopigwa. Waimbaji na watu maarufu wenye asili ya huko wanapokezana mstari mmojammoja, kila mmoja na ua mkononi. Maneno yake yanasikika kama ya waliotangulia wakiwasemesha waliobaki. Ni wimbo mwepesi kiasi kwamba kwaya ya mtaa inaweza kuujifunza, na hilo naamini lilikuwa kusudi.

Chagua nyimbo mbili tu kutoka sehemu hii, usizidishe tatu. Ukikaa hapa saa nzima utaanza kuzunguka ndani ya uchungu uleule, na muziki utakuwa unachochea badala ya kutuliza.

Hatua ya nne: Vuka katikati

Hapa ndipo orodha nyingi za watu zinapovunjika. Wanatoka kwenye wimbo wa kilio na kurukia wa shangwe, na moyo unagoma. Lazima pawe na nyimbo za kuvukia, zenye huzuni na tumaini kwa pamoja. Wajapani wana vipaji vya pekee katika aina hii, na ningekuwa na nafasi ya wimbo mmoja tu katika mwongozo huu wote, ungetoka hapa.

Wimbo huo ni Ue o Muite Arukō (上を向いて歩こう) wa Sakamoto Kyū, wa mwaka 1961. Huenda umeshausikia bila kujua, maana nje ya Japani ulipewa jina la chakula, Sukiyaki, jina ambalo halihusiani na wimbo hata kidogo. Chini ya jina hilo ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard nchini Marekani mwezi Juni 1963 na kukaa hapo wiki 3, ukiwa umeimbwa kwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Maneno ni ya Ei Rokusuke, muziki wa Nakamura Hachidai. Ei alikuwa ametoka kwenye maandamano ya kupinga mkataba wa ulinzi kati ya Japani na Marekani, anarudi kwa miguu, amevunjika moyo kwa kuona jitihada zao hazikuzaa kitu. Ndani ya wimbo hakuna siasa. Kuna mtu anayetembea peke yake usiku, ameinua uso juu ili machozi yasidondoke, anazikumbuka siku za masika, za kiangazi na za vuli.

Sikiliza jinsi muziki unavyopingana na maneno. Mdundo unatembea kwa hatua nyepesi, kama wa mtu asiye na shida, na Sakamoto anazikatakata sauti zake kiasi cha kukufanya uhisi kilio kiko karibu. Halafu anapiga mluzi. Mluzi ule ndio moyo wa wimbo: maneno yamemshinda, anaendelea kutembea hivyohivyo. Usiusikilize umelala. Utoke nje nao, hata kama ni kuzunguka nyumba, na utembee kwa mwendo wake.

Sakamoto alifariki tarehe 12 Agosti 1985 katika ajali ya ndege ya Japan Airlines namba 123, iliyoua watu 520. Alikuwa na miaka 43. Baada ya tsunami ya 2011, wimbo huu ulirudi kwenye televisheni za Japani, ukiimbwa na watu maarufu kwa kupokezana katika matangazo ya kampuni ya vinywaji ya Suntory. Miaka 50 ilikuwa imepita na bado wakaona hakuna mwingine unaofaa kuliko huo.

Baada yake weka Jidai (時代) wa Nakajima Miyuki, mwanamke wa Hokkaidō ambaye kwa maoni yangu hana mpinzani katika kuandikia watu waliokata tamaa. Mwaka 1975, akiwa na miaka 23, aliuimba katika tamasha la kimataifa la nyimbo pale ukumbi wa Budokan jijini Tokyo na kuchukua tuzo kuu. Anaanza kwa kukubali: sasa hivi nina huzuni hata machozi yamekauka, na sidhani kama nitaweza kutabasamu tena. Kisha anasema itafika siku tutasimulia hayo tukiwa tunacheka, kwamba kulikuwa na wakati ule. Nyakati zinazunguka, na waliotengana leo watazaliwa upya wakutane. Kwa aliyefukuzwa kazi au aliyefeli, hakuna wimbo mwingine ninaoujua unaomtendea haki kama huu, kwa sababu haumwambii kwamba hajashindwa. Unakubali ameshindwa, na unamwonyesha kesho kutwa.

Itsumo Nando Demo (いつも何度でも) ni mwepesi kuliko yote. Huimbwa mwishoni mwa filamu ya katuni ya Spirited Away ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Miyazaki Hayao na baadaye kushinda tuzo ya Oscar. Kimura Yumi, aliyetunga muziki na kuimba, anajipigia mwenyewe zeze dogo la nyuzi. Maneno ni ya Kaku Wakako. Hakuna ngoma, hakuna kwaya. Mapigo yake ni ya tatutatu, yanayobembeleza, na ukiyafuata kwa pumzi utaona kifua kinalegea: vuta pumzi kwa mapigo matatu, toa kwa mapigo sita. Fanya hivyo kwa ubeti mzima. Wimbo unaishia kusema kwamba hakuna haja tena ya kutafuta ng'ambo ya bahari, kinachong'aa kiko hapahapa, ndani ya mtu mwenyewe.

Kwa wazee, au kwa yeyote anayetazama maisha yake nyuma na kuyaona yamekwenda kombo, kuna Kawa no Nagare no Yō ni (川の流れのように) wa Misora Hibari. Ulitoka Januari 1989. Mwimbaji, ambaye alikuwa malkia wa nyimbo za Japani tangu utoto wake baada ya vita, alifariki mwezi Juni mwaka huohuo akiwa na miaka 52. Akimoto Yasushi aliandika maneno akiwa New York, akiutazama mto East River. Anaizungumzia njia ndefu, nyembamba, yenye mashimo na kona, isiyo na ramani, na kuyaacha maisha yatiririke kama mto. Hibari anauimba polepole, kwa sauti ya chini mwanzoni, kama mama anayeongea baada ya chakula cha usiku.

Kwa usiku ambao machozi hayaji

Kuna huzuni kavu. Umekaa dirishani, usingizi hauji, na hakuna kinachokuuma kwa jina. Nyimbo za juu zinaweza kuwa nzito mno kwa hali hiyo. Hapa ninapendekeza city pop, muziki wa mijini wa Japani wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, wenye gita la besi linaloteleza na kinanda cha umeme. Anza na Mayonaka no Door (真夜中のドア) wa Matsubara Miki, uliotoka mwaka 1979 akiwa na miaka 19. Ni wimbo wa kuachana mlangoni usiku wa manane, lakini unachezeka. Mwishoni mwa mwaka 2020 vijana wa nchi mbalimbali waliugundua upya mtandaoni, zaidi ya miaka 40 baada ya kutoka, na mwimbaji hakuwepo kuliona hilo. Alifariki mwaka 2004. Ukiupenda, fuatisha Plastic Love wa Takeuchi Mariya, wa mwaka 1984.

Wapenzi wa taarabu wajaribu upande mwingine, enka. Hizi ni nyimbo za majonzi zenye sauti ya kutetemesha na kupinda herufi, na kwa sikio lililolelewa na taarabu hazina ugeni mkubwa. Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki (津軽海峡・冬景色) wa Ishikawa Sayuri, wa mwaka 1977, unamfuata mwanamke aliyeshuka kutoka treni ya usiku huko Aomori, theluji imetanda, anapanda feri peke yake kurudi kaskazini. Undugu huu wa masikio una historia pia: taishōgoto, kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912, kilisafiri hadi pwani yetu, na vikundi vya taarabu vya Mombasa vikakipokea kwa jina la taishokoto.

Hatua ya tano: Simama

Ukishavuka, mwili wenyewe utadai mdundo. Utaona mguu unagonga sakafu. Hapo ndipo nyimbo za nguvu zinaingia, si kabla.

Makenaide (負けないで) wa ZARD, wa Januari 1993, ni wimbo wa taifa lisilo rasmi la watu wanaokaribia kukata tamaa. Jina lake linamwambia mtu asikubali kushindwa. Umeuza zaidi ya nakala milioni 1.6, na katika kipindi cha hisani cha 24-Hour TV, ambacho mtu maarufu hukimbia mbio ndefu hadi ukumbini, huimbwa mkimbiaji akiwa anamalizia akiwa hoi. Sakai Izumi, aliyeandika maneno na kuyaimba, hakuwa mtu wa kuonekana ovyo kwenye televisheni. Alifariki mwaka 2007, akiwa na miaka 40 na akiwa kwenye matibabu ya saratani. Kinachonivuta ni kwamba anauimba bila kupiga kelele. Ni rafiki aliyesimama kando ya barabara, anakutazama unavyokimbia.

Fight! (ファイト!) unatuletea tena Nakajima Miyuki, safari hii katika albamu ya mwaka 1983. Alikuwa mtangazaji wa redio usiku, na wimbo huu umetoka kwenye barua za wasikilizaji. Barua ya kwanza ni ya msichana aliyenyimwa kazi kwa sababu elimu yake iliishia sekondari ya chini, maneno yake ya hasira yanatetemeka kwenye karatasi. Wanafuata wengine: kijana anayetaka kuondoka kijijini na anazuiwa, mtu aliyeona uovu stesheni akakimbia kwa woga. Kati yao wanaogelea samaki wadogo wanaopanda mto dhidi ya maji. Sauti inapanda kila ubeti, na kiitikio kinawaambia wapigane hata kama wasiopigana watawacheka. Ni wimbo mkali. Usiupe mtu ambaye bado yuko kwenye machozi. Mpe aliyeanza kukasirika, kwa sababu hasira ile ni dalili ya uhai kurudi.

Vijana wa leo wanaweza kupendelea Gunjō (群青) wa YOASOBI, wa mwaka 2020, uliotokana na katuni ya vitabu ya Blue Period, inayohusu mwanafunzi aliyegundua uchoraji na kuogopa kwamba hana kipaji. Kwaya inayoingia kwenye kiitikio huinua hata mtu mgumu. Na kama unataka kelele za kweli, The Blue Hearts, bendi ya panki ya miaka ya 1980, wana Hito ni Yasashiku (人にやさしく) wa mwaka 1987: dakika chache za kupiga kelele, ndani yake kukiwa na mtu anayekiri kwamba naye hukaribia kuvunjika, na bado anakutakia ujikaze.

Sekai ni Hitotsu Dake no Hana (世界に一つだけの花) wa SMAP, wa mwaka 2003, uliotungwa na Makihara Noriyuki, utauona kwenye kila orodha ya aina hii. Unasema maua ya dukani hayashindani nani mzuri zaidi, basi nasi tusishindane. Ni mzuri kwa anayejilinganisha na wenzake, hasa mitandaoni. Kwa mfiwa hausaidii kitu, na ningeuondoa.

Hatua ya sita: Imba mwenyewe

Kusikiliza ni nusu ya kazi. Kuimba kunarefusha pumzi, kunafungua kifua, na kunaitoa sauti iliyokuwa imekwama kooni. Na hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati kubwa. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, zinazotamkwa karibu sawa na zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Tafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, yaitwayo rōmaji, na uyasome kama unavyosoma Kiswahili. Utakuwa karibu na matamshi sahihi kuliko Mwingereza aliyehangaika mwaka mzima.

Mambo machache ya kuzingatia. Irabu yenye mstari juu, kama ō, ivute mara mbili. Konsonanti zikiwa mbili, kama tt, simama kidogo kabla ya kuendelea. N iliyo peke yake hujitegemea kama silabi, vilevile inavyofanya katika neno nchi. R ni ya kugusa ulimi mara moja tu, kati ya r na l. Anza na Ue o Muite Arukō, maana maneno yake ni machache na yanarudiwarudiwa, na pale kwenye mluzi hata maneno huhitaji. Jifunze ubeti mmoja tu kwanza. Ukipenda kwenda mbali zaidi, idhaa ya Kiswahili ya NHK World ina masomo ya Kijapani ya bure yanayofundishwa kwa Kiswahili.

Usijali kama huna sauti nzuri. Imba ukiwa unafua, unapika, au unaendesha gari.

Nyimbo za kuwa nazo makini

Mdundo wa furaha unaweza kuficha maneno ya hatari. Yoru ni Kakeru (夜に駆ける) wa YOASOBI, wa Desemba 2019, unachezwa kila mahali na unasikika wa kuchangamsha, kumbe umetokana na hadithi fupi ya watu wanaovutwa na kifo. Kama mawazo ya namna hiyo yamekujia siku za karibuni, uondoe kwenye orodha yako kabisa.

Boku ga Shinō to Omotta no wa (僕が死のうと思ったのは), ulioandikwa na Akita Hiromu wa bendi ya amazarashi na kuimbwa na Nakashima Mika mwaka 2013, ni kesi ngumu zaidi. Mwimbaji anazitaja sababu ndogondogo zilizomfanya afikirie kufa, moja baada ya nyingine, hadi mstari wa mwisho ambapo anaanza kuipenda dunia kidogo kwa kuwa yupo mtu kama wewe ndani yake. Kuna watu wanaosema umewasaidia kubaki. Lakini safari ya kuufikia mstari ule wa mwisho ni ndefu, na mtu aliye hoi anaweza kuuzima katikati. Nasema usiusikilize peke yako usiku. Ukiutaka, usikilize mchana, na mtu unayemwamini akiwa karibu.

Pia pima orodha yako mara kwa mara. Ukimaliza kusikiliza na unajiona umezama zaidi kuliko ulivyoanza, wimbo mmojawapo unakurudisha nyuma. Ukamate, utoe. Wimbo uliokuwa ukipigwa siku ya msiba unaweza kuwa mzuri kwa wengine wote na mbaya kwako.

Muziki ukiwa hautoshi

Huzuni ikiendelea zaidi ya wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikaharibika, ukawa huoni raha hata kwa vitu ulivyovipenda, hilo ni jambo la daktari. Sonona ni ugonjwa na ina tiba. Nenda kituo cha afya kilicho karibu uwaeleze hivyohivyo, wakupeleke kwa anayehusika na afya ya akili. Na yakija mawazo ya kujidhuru, usingoje wiki mbili wala kesho: ondoka chumbani, nenda alipo mtu, au mpigie mmoja unayemwamini aje, kisha mwende hospitali pamoja. Wengi hukwama kwa kutojua waanzeje kusema. Maneno ya kuanzia yanaweza kuwa machache: "Siko sawa siku hizi, naomba uje ukae nami."